Bi Sindano Anajibu: Zipu Mgongoni mwa Kimono

Tangu nilipojibu swali la wigi toleo lililopita, barua zimegeukia upande mmoja: Japani ile iliyokuwa ikichezwa kwenye majukwaa ya vyuo vya Marekani. Wanaonisoma wanajua nilishona maleba katika idara ya tamthilia ya chuo kimoja huko, katikati mwa nchi, mpaka macho yakakataa kutunga uzi. Kwa hiyo nitajibu kwa upande wa nguo. Nadharia ina wenyewe.

*Shikamoo Bi Sindano. Ninasoma Ohio na nimepata kibarua cha kupanga picha za zamani za idara ya tamthilia ya chuo chetu, zitundikwe ukumbini wakati wa maadhimisho. Nimekuta bahasha tatu za The Mikado: ya 1926, ya 1938 na ya 1955. Waigizaji wote ni Wazungu, wamechorwa nyusi za kupanda, na wengine wana kitu kama utepe pembeni mwa macho. Mkuu wangu anataka maelezo mafupi chini ya kila picha, “yasiyomuudhi mtu”. Niandike nini? Na kwa nini watu waliosoma walifanya hivi? — Mpanga Picha*

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali la pili.

Walifanya kwa sababu ilikuwa rahisi, na ninaposema rahisi nina maana ya bei kwanza. The Mikado, opera ya vichekesho inayojifanya iko Japani, ya W. S. Gilbert (maneno) na Arthur Sullivan (muziki), ilionyeshwa mara ya kwanza London, Machi 1885, kwenye ukumbi wa Savoy. Wakati huo sheria ya Marekani haikulinda kazi za watunzi wa nje. Ulinzi ulikuja 1891. Kampuni ya D'Oyly Carte, ndiyo iliyoicheza London, ilibidi iwavushe waigizaji wake kwa siri mpaka New York, Agosti ya mwaka ule ule, ili iwawahi wezi wa tungo. Vyuo vilipokuja kuipenda, hakukuwa na wa kumlipa mrabaha. Tena ina kundi kubwa la waimbaji, wasichana kwa wavulana, kwa hiyo hakuna mwanafunzi anayerudishwa nyumbani akilia. Vyuo vingine viliunda vyama kamili vya kucheza tungo za mabwana hao wawili: Michigan 1947, Harvard na Radcliffe 1956, Stanford 1973. Chama cha namna hiyo kina orodha fupi ya kuzungusha, na The Mikado ni miongoni mwa zile zinazojaza viti. Ikirudi kila baada ya miaka michache, maleba hayashonwi upya. Yanatolewa sandukuni.

Masanduku hayo nimeyafungua mimi. Ndani mlikuwa na satini ya bitana ya rangi za peremende, mazimwi yaliyokatwa kwenye kitambaa cha mapazia na kubandikwa kwa gundi, mikono mipana iliyoshonwa kama ya joho la mahafali, na zipu mgongoni. Zipu! Kimono halisi hukatwa kwenye jora jembamba, upana wake sentimita 36 hadi 38 hivi, kwa mistari iliyonyooka peke yake. Ndiyo maana inaweza kufumuliwa yote, ikafuliwa vipande vipande, ikashonwa tena. Haina kifungo wala ndoana. Inashikwa na kamba na mkanda. Upande wa kushoto hupita juu ya wa kulia. Wa kulia ukipita juu ya wa kushoto, hiyo ni namna ya kumvika maiti. Chukua kioo cha kukuzia, uzitazame picha zako za 1926. Sitashangaa ukikuta nusu ya kundi imevikwa kama inasubiri kuzikwa, nayo inacheka. Ila hakikisha kwanza picha haikuchapwa kinyume: tafuta maandishi yoyote, au koti la mpiga piano, vifungo viko upande gani.

Cha ajabu ni kwamba Gilbert mwenyewe alijisumbua kuliko hao waliomfuata. Januari 1885 kulifunguliwa Knightsbridge, London, kijiji cha maonyesho chenye Wajapani hasa, mafundi na wahudumu wa chai, na yeye akawaomba baadhi yao wawafundishe waigizaji wake kutembea na kufungua upepeo. Vitambaa vilitoka duka la Liberty, waliokuwa wakiuza hariri za Mashariki. Alichokitunga ni upuuzi mtupu, lakini mwendo aliutafuta kwa wenyewe. Miaka arobaini baadaye, kwenye chuo cha Ohio, aliyeshona hakumtazama Mjapani yeyote. Alitazama picha ya onyesho la chuo jirani.

Na nyuso zilikuwa na somo lake. Vitabu vya kujipamba kwa jukwaa vilifundisha sura za mataifa kama vilivyofundisha mikunjo ya uzee: sura ya Mchina, sura ya Mhindi Mwekundu, hatua moja mpaka nyingine. Poda ya manjano, penseli nyeusi, kisha utepe unaobandikwa pembeni mwa jicho na kuvutwa kuelekea sikioni, ncha yake ikafichwa chini ya wigi. Mwanafunzi alipata alama kwa kuifanya vizuri. Kwa hiyo usidhani ulikuwa utundu wa vijana nyuma ya pazia. Lilikuwa zoezi la darasani.

Sasa maelezo ya picha. Mkuu wako anataka funika kombe mwanaharamu apite, nami sikushauri. Andika kilichoko: “Wanafunzi wa chuo katika The Mikado, 1938. Waigizaji wamepakwa rangi na kuvutwa macho kwa utepe ili waonekane Wajapani.” Basi. Usiandike “enzi zile mambo yalikuwa tofauti”, maana hilo si maelezo ya picha, ni utetezi, na hakuna aliyekuomba uwe wakili. Wala usiwahutubie watazamaji kuhusu ubaya wa jambo, wana macho. Majina ya wanafunzi yaache kwenye faili, hasa wa 1955, maana wengine wanaweza kuwa hai na hawakuitunga opera hiyo. Jina la mwongozaji na la idara, hayo yaandike.

Kisha fanya kazi ambayo mkuu hakukutuma. Kati ya bahasha yako ya 1938 na ile ya 1955 kuna vita. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwahamisha watu wapatao 120,000 wa asili ya Japani kutoka pwani ya magharibi ikawaweka kambini, na wengi wao walikuwa raia wa kuzaliwa. Wamo waliotolewa katikati ya masomo ya chuo kikuu. Mwaka huo huo kiliundwa chombo cha kuwatafutia nafasi kwenye vyuo vya ndani ya nchi, na zaidi ya vijana 4,000 walitoka kambini kwa njia hiyo kwenda kusoma. Oberlin, hapo hapo Ohio, kiliwapokea wengine. Nenda kwa msajili, uliza kama chuo chako kilipokea hata mmoja. Ukimpata, tafuta picha yake kwenye kitabu cha mwaka, uitundike kwenye ukuta ule ule, ukubwa ule ule. Kama alikuwapo 1944, maleba ya 1938 yalikuwa bado sandukuni kwenye jengo alilokuwa akipita kwenda darasani.

*Kwa heshima zote, Bi Sindano, mnakuza mambo. The Mikado inawacheka Waingereza wenyewe, vyeo vyao na sheria zao za kijinga. Japani ni pambo tu. Hata Wajapani wa mji wa Chichibu waliicheza. Kelele za nini? — Mpenda Opera*

Bwana Mpenda Opera, nusu ya barua yako naikubali bila kusukumwa. Pooh-Bah wa opera hiyo, anayeshika vyeo vyote vya mji wa Titipu na kupokea mshahara wa kila kimoja, ni ofisa wa London kutoka unyayo hadi utosi. Sheria ya kumkata kichwa mtu aliyekonyeza msichana haikutoka Japani. Na kweli Chichibu waliicheza mwaka 2001, kwa Kijapani, wakidai Titipu ndiyo wao. Mtu akiamua kujicheka kwa hiari yake, kwa lugha yake, mbele ya majirani zake, mimi namshonea na shanga.

Lakini kama Japani ni pambo tu, basi pambo huondoka. Chicago, 1938, mradi wa serikali wa tamthilia uliichukua opera hiyo hiyo, ukaipa waigizaji Weusi, ukaihamishia kwenye kisiwa cha Pasifiki na kuutia muziki mdundo wa swing. Ikajaza ukumbi, ikaenda New York. London, 1986, English National Opera waliiweka kwenye hoteli ya Kiingereza ya pwani, watu wamevaa suti na magauni, na vichekesho vyote vikafika salama. Sasa niambie wewe: kama mcheko unabaki kimono zikiondolewa, kwa nini vyuo vingi vilishikilia kimono na kuulegeza mcheko? Nimekaa kwenye mazoezi ya namna hiyo. Nusu ya muda ilikwenda kwenye kutembea kwa hatua za kudonoa na kuchekea nyuma ya upepeo. Maneno ya Gilbert, ambayo ndiyo mali, yalimezwa.

Mwaka 2015 kundi la New York Gilbert and Sullivan Players lilitangaza The Mikado kwenye ukumbi wa Skirball, wa Chuo Kikuu cha New York. Wasanii wa asili ya Asia walilalamika, kundi likaifuta, wakacheza The Pirates of Penzance, opera nyingine ya mabwana hao hao. Haukupita muda wakarudi na The Mikado iliyopangwa upya, ikianza na Gilbert na Sullivan wenyewe wakiwa London. Opera haikufa, bwana wangu. Kilichokufa ni utepe.

*Bi Sindano shikamoo. Nimesoma kwamba vyuo kama Hawaii na Pomona vimekuwa vikicheza kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, kwa Kiingereza kwa miaka mingi, na waigizaji wengi si Wajapani. Je, si kosa lile lile? Na kabuki ni ya wanaume watupu; mbona huko wasichana wanacheza? — Binti Mwenye Shaka*

Marahaba, binti. Hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri.

Hawaii wanahesabu kabuki yao tangu 1924, na mwaka huo una uchungu wake, maana ndio Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya uhamiaji iliyowafungia Wajapani mlango. Ila visiwani watu wa asili ya Japani walikuwa zaidi ya theluthi ya wakazi. Ukicheza upuuzi, bibi yake mwanafunzi mwenzako amekaa mstari wa tatu, anakutazama. Naamini hilo lilifanya kazi kuliko kanuni yoyote ya idara. Baada ya vita kulikuwa na Earle Ernst, mtu wa ajabu kidogo: alikuwa miongoni mwa maofisa wa Kimarekani waliokagua tamthilia Japani ilipokaliwa na jeshi la Marekani, akishika mkasi wa udhibiti, na kabuki aliyotumwa kuikagua ikamteka. Baadaye aliongoza tamthilia ya kabuki iitwayo Benten Kozo mjini Honolulu. Kisha alikuja James Brandon, na mwishoni mwa miaka ya 1970 walicheza Chushingura, kisa cha samurai 47 wanaolipiza kisasi cha bwana wao, wakifundishwa na mwigizaji mkubwa wa kabuki aliyetoka Japani, Nakamura Matagoro wa Pili.

Pomona, kule California, alikuwako Leonard Pronko. Aliajiriwa kufundisha Kifaransa! Mwaka 1965 akaanza kuongoza kabuki na wanafunzi wake, na mwaka 1970 akawa mgeni wa kwanza kukubaliwa kwenye mafunzo ya kabuki ya Ukumbi wa Taifa wa Japani, alikokwenda kukaa sakafuni na vijana wadogo kwake kwa umri na kuanza upya kutembea.

Tofauti na The Mikado iko hapo, kwenye kuanza upya kutembea. Magoti yamebanwa, nyayo zinateleza, uzito uko chini ya kitovu. Mwanafunzi anafanya hivyo kwa wiki nyingi kabla hajapewa neno la kusema. Anajifunza kugandisha mwili kwa pozi la mie huku ubao ukigongwa pembeni ya jukwaa. Uso wake unapakwa mweupe, na kama ni shujaa, mistari myekundu ya kumadori juu yake. Lakini huo ni uso wa kabuki, ambao hata Mjapani hana mpaka aupake. Hakuna anayevutwa jicho.

Na maleba, ee! Niruhusu nikae hapa kidogo. Kuna ufundi unaoitwa hikinuki. Mwigizaji anavaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, na ile ya juu imeshikizwa mabegani, mikononi na kiunoni kwa nyuzi nene zenye vifundo kwenye ncha. Katikati ya ngoma, msaidizi aliyevaa mavazi meusi anajongea nyuma yake, anachomoa nyuzi moja baada ya moja huku mwenyewe anaendelea kucheza, halafu kwa mpigo mmoja nguo ya juu inavutwa na hadhira inaona rangi nyingine kabisa. Uzi mmoja ukikwama, aibu ni ya watu watatu: mchezaji, msaidizi na mshonaji. Nyuzi zinashonwa upya kila usiku wa onyesho. Nilifundishwa kazi hiyo na fundi mgeni aliyekuja kwenye chuo chetu kwa semina, na tangu siku hiyo sikuweza tena kuitazama zipu ya sanduku la Mikado bila kununa.

Kuhusu wasichana. Kabuki ilianzishwa na mwanamke, Okuni, aliyecheza Kyoto mwaka 1603. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ndiyo iliyowapiga wanawake marufuku jukwaani, 1629, kwa hofu ya maadili, na wanaume wakachukua nafasi zao na kuzifanya sanaa kubwa. Chuo kinachomzuia msichana kwa jina la mila kinatii amri ya polisi ya karne ya 17. Tena fikiria hiyo Benten Kozo: mwizi wa kiume anaingia dukani amevaa kama binti wa heshima, anagundulika, anashusha nguo begani na kuonyesha michoro yake ya mwilini. Akicheza msichana, tayari una msichana anayecheza mwanamume anayecheza msichana. Raha tupu.

Lakini umeuliza kama ni kosa lile lile, nami nimesema tofauti tu. Kasoro ipo. Chuo Kikuu cha Illinois alikuwako Shozo Sato, mzaliwa wa Japani, aliyezivika tamthilia za Ulaya, Macbeth na Medea, mavazi na mwendo wa kabuki, na maleba yake yalinifanya nishike ukingo wa kiti. Hawaii walicheza samurai, Pomona walicheza samurai. Kazi njema zote. Lakini katika miaka yote niliyokaa na sindano huko, sikupata kushona suti ya karani wa Tokyo, wala sare ya mwanafunzi wa Osaka, wala aproni ya mama muuza samaki. Japani ya chuo cha Marekani, iwe ya upuuzi au ya heshima, iligoma kuvuka mwaka 1868, utawala wa shogun ulipokwisha. Stephen Sondheim na John Weidman walijaribu kuivusha Broadway, 1976, kwa Pacific Overtures, inayoanzia kwenye meli za Perry, kamanda wa jeshi la majini la Marekani, za 1853 na kukimbia mpaka Japani ya viwanda, waigizaji wote wa asili ya Asia. Vyuo viliisifu sana na kuicheza kidogo, kwa sababu vilipotazama orodha ya wanafunzi wao wa tamthilia viliona ni nani hawakuwahi kumdahili.

*Bi Sindano, hujambo. Mimi ni mhadhiri msaidizi Minnesota. Wazee wa idara wanataka kufufua The Teahouse of the August Moon, iliyochezwa hapa walipokuwa wanafunzi, wanasema haina ubaya kwa kuwa inawacheka wanajeshi wa Kimarekani. Unashaurije? Bajeti yetu ndogo. — Mhadhiri Msaidizi*

Sijambo, mwalimu. Tamthilia hiyo ya John Patrick ilifika Broadway 1953 na kupata tuzo ya Pulitzer 1954, na vyuo viliipapatikia. Ni kweli Kapteni Fisby, aliyetumwa kujenga shule yenye umbo la Pentagon, makao makuu ya jeshi lao, na akaishia kujenga nyumba ya chai, ni wa kuchekwa. Ila Sakini, mkalimani mjanja anayeongea na hadhira, Broadway alichezwa na Mzungu, kwenye filamu ya 1956 akachezwa na Marlon Brando, na vyuo vikaiga. Tena hapo ni Okinawa, kusini mwa Japani, iliyokuwa ufalme wake wenyewe mpaka 1879, ambako raia wengi mno waliuawa katika vita ya 1945 na Wamarekani wakatawala mpaka 1972. Kijiji kinachofurahia ukaliaji miaka minane tu baada ya mauaji hayo kinahitaji mwongozaji hodari kuliko wazee wako, nisamehe.

Na mmesahau gharama: inataka gari la jeep jukwaani, kijiji kizima cha watu, nyumba ya chai inayojengwa na kubomolewa, na mbuzi hai wa kuonja pombe ya viazi vitamu.

Soma Tea ya Velina Hasu Houston. Iko Junction City, Kansas, mwaka 1968: wanawake wa Kijapani walioolewa na askari wa Kimarekani wanakutana kunywa chai nyumbani kwa mwenzao aliyejiua, naye roho yake imo humo humo. Waigizaji watano, wote wanawake, na msipokuwa na wa asili hiyo idarani, tangazeni chuo kizima na mjini kabla hamjakata tamaa. Maleba mengi ni magauni ya dukani ya miaka ya 1960, mtayapata kwenye maduka ya mitumba, mpunguze kiuno tu. Kimono mtakazohitaji, azimeni za kweli kwa mwenye nazo na mumwombe aje afundishe kufunga mkanda. Mbuzi hamna.